Puli Iliyochomelewa Nyahanga

Wivu wa mwanamume kwa mke wake watu wanauelewa, na wazee wa kuusuluhisha wapo. Lakini wivu wa fundi kwa muuzaji wake, huo unaupeleka wapi? Hata paroko atakucheka. Ndiyo maana Masele, fundi wa makarasha wa Nyahanga pale Kahama, alikaa nao kifuani mwaka mzima bila kumwambia mtu. Ulimla taratibu, huku usoni akijichekesha kama mtu mwenye amani zake.

Karasha ni ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Ni pipa zito la chuma lililolazwa, ndani mna gololi za chuma kubwa kama ngumi, pembeni injini ya dizeli, halafu mkanda na puli mbili. Unatia mawe na maji, pipa linazunguka, gololi zinaponda, na mwisho unatoa uji wa mchanga wa kwenda kuoshwa. Masele aliyajua makarasha. Tuseme ukweli hata kama baadaye atatuudhi: mkono wake ulikuwa mkono. Akichomelea chuma, mshono unatoka sawasawa, mwembamba, hauna donge wala tundu.

Muuzaji wake, aliyemtafutia wateja, aliitwa Asteria, au Mama Nelly, mama wa Katoro. Huyu hakujua kuchomelea hata mguu wa stuli. Alichokijua ni mawe. Alikuwa ameosha dhahabu kwenye mialo, yaani pale yanaposagwa mawe, tangu akiwa msichana. Ukimpa jiwe analigonga kwa jiwe lingine, anasikiliza, anakwambia limetoka upande gani na litakusumbua kiasi gani.

Mwanzoni kila mmoja aligusa kila kitu. Masele akifunga puli, Asteria anaifungua. Asteria akipanga gololi, Masele anapiga simu kusema ni nyingi mno. Karasha moja likafia mikononi mwao, injini ikakwama kabisa, na kila mmoja akaapa kwa Mungu kwamba si yeye. Basi wakakaa kwenye mgahawa, wakachana karatasi ya daftari, wakagawana kazi. Nyahanga watatengeneza na kupima uzima wa mashine: pipa lisivuje, mhimili usiyumbe, beringi zisichemke, injini iende saa nne mfululizo bila kukohoa. Katoro watalipanga karasha lifae mawe ya mteja: watachagua puli, watahesabu gololi, watalijaribu kwa mawe ya mteja mwenyewe, pale pale mwaloni kwake. Onesmo, msaidizi wa Masele, mtu mzima mwenye watoto watatu, akatia sahihi kama shahidi.

Karatasi ilikuwa nzuri, na tangu siku hiyo hakuna karasha lililorudishwa. Ila ilisahau kitu kimoja, jamani. Haikusema nani ataonekana.

Maana upimaji wa Nyahanga ulifanyika uani, nyuma ya karakana. Watazamaji walikuwa mbuzi wa jirani, na jirani mwenyewe akija kulalamika kwamba kelele zinamuumiza kichwa. Masele alishika beringi kwa kiganja kila baada ya robo saa, akajaza fomu yake, akaweka sahihi, basi. Hakuna aliyempigia kofi hata moja. Kule mialoni, lo! Kule siku ya karasha jipya ilikuwa sherehe. Waliita kuliamsha. Mwenye mwalo anachinja mbuzi, majirani wanakuja na viti vyao, na anayelipanga karasha ndiye anayetia kiroba cha kwanza cha mawe. Uji ukitoka laini, vigelegele vinapanda, na jina la aliyeliamsha linaandikwa kwa rangi kwenye pipa. Kwa hiyo kuanzia Katoro hadi Nyarugusu palikuwa na makarasha kumi na tisa, yote yametoka mikononi mwa Masele, na yote yameandikwa ASTERIA kwa herufi kubwa.

Masele mwenyewe hakulijua hilo hadi mkewe, Salome, alipotumiwa video kwenye simu.

"Baba Lusia, njoo umwone Mama Nelly!" Salome aliita akiwa jikoni. "Wamembeba juu juu! He, huyu mama ana nyota."

Masele alitazama. Asteria alikuwa amebebwa na wachimbaji wawili, kiatu kimoja kimemtoka, anacheka. Nyuma yake lilikuwepo pipa. Masele alilijua pipa lile kama unavyomjua mtoto wako kwa kisogo. Na sauti ya mtu fulani ikasema kwenye ile video, "Huyu ndiye mama wa makarasha, hana mpinzani Geita nzima!"

"Mama wa makarasha," Salome alirudia kwa furaha, akaiwasha tena. Akaiwasha na mara ya tatu.

"Zima hicho kitu," Masele alisema.

"Kwani kuna nini?"

"Moshi umenijaa machoni."

Hapakuwa na moshi. Walikuwa wanapikia gesi.

Tangu siku hiyo hakupumzika. Alikuwa akikata chuma anamwona Asteria kabebwa. Akila ugali anamwona. Misa ya Jumapili padri anahubiri upendo, yeye anapiga hesabu za herufi: A, S, T, E, R, I, A, mara kumi na tisa. Mwanamke hajawahi hata kuungua na cheche! Anakuja na kimfuko chake cha spana, anazungusha nati mbili tatu, anabebwa. Mimi je, Masele, ninayekohoa moshi wa chuma tangu ujana? Hivyo ndivyo alivyojisemea, na kila alivyojisemea ndivyo ilivyozidi kuwa kweli kwake.

Ndipo likaja agizo la Mbuke. Huyu alikuwa mama mjane wa Nyarugusu, mfugaji, mwanawe mkubwa akiitwa Davis. Alikuwa ameuza ng'ombe wake karibu wote ili afungue mwalo, na kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kuegemea, aliagiza karasha kubwa kuliko yote waliyowahi kutengeneza. Asteria alipiga simu mwenyewe.

"Baba Lusia, kwa huyu mama tusikosee," alisema. "Karasha likimgomea, hana pa kurudi. Pipa nataka la chuma kile kinene. Puli niachie, nitakuja nazo."

Niachie! Neno lile lilimchoma Masele kuliko cheche.

Alilitengeneza karasha la Mbuke vizuri kuliko yote. Alilipima maji, alilipima mhimili, alizishika beringi, yote kama karatasi inavyosema. Kisha akafanya ambalo karatasi haikusema. Alichagua puli mwenyewe, akachagua kubwa ya kukaa kwenye injini ili pipa likimbie. Watu waone mbio! Akahesabu gololi mwenyewe, akatia. Halafu akaleta mawe.

Na hapa ndipo alipokosea kosa la mtu wa Kahama. Alichukua mawe ya karibu, yale mekundu ya kuoza anayoyauza jamaa mmoja mwenye shimo nje kidogo ya mji. Mawe hayo ukiyaloweka yanalegea yenyewe, hata ukiyakanyaga na buti yanavunjika. Wa Nyarugusu wanachimba jiwe jeupe, gumu, linalotoa cheche ukiligonga. Lakini kwa fundi wa chuma jiwe ni jiwe. Akatia kiroba, akawasha, pipa likakimbia, na halikupiga hata ile kelele iliyozoeleka. Lilivuma tu, polepole, kwa upole kabisa. Jirani hata hakutoka nje kulalamika. Uji ukatoka laini kama wa mgonjwa.

"Umeona?" Masele alimwambia Onesmo. "Na sisi tunajua kupanga."

Onesmo alikuna kichwa. "Lakini fundi, Mama Nelly atakuja na puli zake."

"Aje."

Masele akavaa kofia ya kuchomelea, akaikamata ile puli ya injini kwa moto, mzunguko mzima, imeshikana na chuma chake daima. Alichomelea bila haraka, kwa roho yake yote. Ulikuwa mshono mzuri kuliko wowote aliowahi kuutoa, na aliusugua kwa brashi hadi ukang'aa. Mpango wake ulikuwa rahisi. Asteria atakuja, ataikuta puli haifunguki, spana zake hazina kazi. Karasha litasaga. Ndipo Masele atasimama mbele ya watu aseme: hili limepangwa Nyahanga, na mimi. Waandike wenyewe jina wanalotaka.

Siku ya kuliamsha alipanda lori pamoja na Onesmo. Hakuwahi kwenda hata mara moja. Alivaa shati lake la harusi za watu.

Mwaloni kwa Mbuke walikuta watu wamejaa, mbuzi yuko motoni, viroba vya mawe vimepangwa. Mbuke alikuwa mama mfupi, mkavu, amejifunga vitenge viwili. Akampokea kwa mikono yote miwili.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka, mama. Mimi ndiye Masele, mtengenezaji."

"Wabeja, wabeja, asante sana. Kaa hapa, kunywa soda. Tunamsubiri Asteria."

Wakashusha karasha, wakalifunga kwenye msingi wake wa zege, na bado walikuwa wanamsubiri Asteria. Kila dakika mtu aliuliza, "Asteria kafika?" Mtoto alipita akiimba jina la Asteria. Mpika mbuzi alisema amemwekea Asteria maini. Masele alishika soda yake hadi ikapata joto.

"Mama Davis," alisema mwishowe, "mashine iko tayari tangu Nyahanga. Tunaweza tukawasha."

"Najua, baba, umetengeneza," Mbuke alimjibu kwa heshima. "Lakini Asteria ndiye anayeliamsha."

Angekuwa chuma, Masele angeyeyuka.

Asteria alifika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope, kimfuko cha spana mgongoni. Alimsalimia Mbuke kwa shikamoo, akawasalimia wote, akaja moja kwa moja kwa Masele akicheka. "Baba Lusia! Leo umetukumbuka!" Kisha akainama kwenye karasha, na kicheko kikaisha. Aliigusa puli. Akajaribu tena. Akasogea karibu na sikio la Masele.

"Hii puli imechomelewa."

"Imekazwa isilegee."

"Baba Lusia, hii ni kubwa mno kwa mawe ya hapa. Tuikate kwanza. Mama Davis ana jenereta, nitaazima grenda, ni nusu saa tu."

Alikuwa amesema kwa siri, kumstahi. Masele angeweza kusema haya. Neno moja tu, haya, na kila kitu kingekwisha kimya kimya wakala mbuzi wao. Lakini aliwatazama wale watu waliokuwa wanamtazama Asteria, akapaza sauti.

"Wageni wamekaa tangu asubuhi! Mashine imepimwa, imekamilika, ya nini kuwachelewesha watu?"

"Iwashwe!" mmoja akadakia. Wengine wakaitikia. "Iwashwe! Iwashwe!"

Mbuke akamtazama Asteria, Asteria akamtazama Masele. Kisha Asteria akatia kiroba cha kwanza.

Injini ikashika. Pipa likakimbia, na watu wakashangilia, maana hawajawahi kuona karasha lenye mbio vile. Likavuma kwa upole, halina makelele. Masele alikunja mikono kifuani. Asteria peke yake hakushangilia. Aliweka kiganja chake karibu na pipa, akainamisha kichwa, akasikiliza, halafu akatikisa kichwa polepole.

Muda ulipotimia wakafungua mlango wa pipa. Yakatoka maji. Baada ya maji yakatoka mawe. Si uji, si mchanga, ni mawe yale yale meupe waliyoyatia, yameoshwa vizuri, yanameta juani.

Mpika mbuzi aliacha kugeuza nyama.

Mbuke aliinama akaokota jiwe moja. Akaligeuza geuza. "Ng'ombe zangu," alisema. Davis mwanawe, jitu la mtu, akasogea mbele.

"Asteria, umetuuzia nini?"

"Gololi hazidondoki," Asteria alisema. "Mtoto akizungusha ndoo ya maji kwa nguvu, maji yanamwagika? Hayamwagiki, yanaganda humo humo. Pipa linakimbia mno, gololi zimeganda ukutani, hazipondi kitu. Ndiyo maana halina kelele. Ukinipa puli ndogo litasaga."

"Kwa nini hukuweka ndogo?"

"Hii imechomelewa."

"Na nani?" Davis aliuliza, na sasa aliwageukia wageni wote wawili kutoka Nyahanga. "Nasema na nani? Nani ameuchezea mwalo wa mama yangu?"

Masele alisikia ulimi wake ukisema kabla hajauruhusu. "Ni huyu Onesmo. Mimi nilikuwa Shinyanga mjini, kule Kambarage, kutafuta beringi. Nilikuta ameshachomelea."

Onesmo alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Alimtazama bosi wake, mdomo wazi. Halafu akaufunga, akatazama chini. Miaka sita alikuwa amemwita fundi, na hakumwaibisha hata pale. Davis akamkamata shati kifuani.

"Mwache," Asteria alisema. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope kando ya injini, anapitisha kidole kwenye ule mshono, mzunguko mzima, taratibu. Alipoinuka, alikuwa kama mtu aliyefiwa.

"Baba Lusia," alisema, "huu ni mkono wako."

"Nimekwambia nilikuwa—"

"Huu ni mkono wako. Onesmo anachomelea vizuri, lakini hachomelei hivi. Hakuna anayechomelea hivi, si Kahama, si Geita. Hauna donge hata moja. Ninaujua kwa kidole, nikiwa nimefumba macho ninaujua. Makarasha kumi na tisa, kila nikiliamsha moja, kitu cha kwanza ninawaambia wenye mwalo, njooni mshike hapa. Mmewahi kushika mshono kama huu? Yupo mtu Nyahanga, ndiye anayefanya hivi, mimi ninafunga nati tu."

"Kweli," alisema mzee mmoja aliyekaa kwenye kiti chake mbele. "Kwangu pia alisema. Nikashika."

"Hata mimi nilishikishwa," akasema mwingine. "Kumbe ni huyu?"

Watu wakanyanyuka kwenye viti. Walikuja karibu kumwona, mmoja baada ya mwingine. Mwaka mzima Masele alikuwa ameililia siku hiyo, watu wa mialo wamtazame usoni waseme kumbe ni huyu. Alitamani ardhi ya Nyarugusu, iliyojaa mashimo kiasi kile, imfungulie moja.

Davis alimwachia Onesmo. Onesmo akalinyoosha shati lake, akavaa kofia.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "ungesema ni wewe, ningeikata mimi. Ningesema nimeona makosa, nikaikata, na tungerudi zetu nyumbani."

Hakungoja jibu. Alitembea hadi kwenye pikipiki ya Asteria, akashusha mfuko wa puli alizokuja nazo yule mama, akaanza kuzipanga chini kwa ukubwa, kama mtu aliyeanza kazi mpya.

Mbuke bado alikuwa na lile jiwe mkononi. Alimwendea Masele. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka.

"Asteria aliniambia kuna mtu anachomelea kama anashona nguo ya mtoto wake," alisema. "Nikauza ng'ombe kwa neno hilo. Wewe nimekukosea nini, baba?"

Jenereta lilikuwa limewashwa. Asteria alileta grenda, akaichomeka, akamshikisha.

"Ikate mwenyewe," alisema. "Mimi sijui kukata chuma."

Akavua shati lake la harusi, akapiga magoti. Alijua tangu mguso wa kwanza kwamba haitakuwa nusu saa. Hakuacha mahali popote ambapo kisu cha grenda kingeingia kirahisi; alikuwa amechomelea isitoke kamwe, na ilikuwa haitoki. Kisu cha kwanza kikaisha, akabadilisha. Cheche zilimrukia kifuani na hakuna aliyemwambia avae kitu. Mbuzi aliiva, akapoa. Hakuna aliyekwenda kula. Watu wote wa ule mwalo walisimama, wanamtazama fundi Masele akifanya kazi.